Nembo kwenye fulana: tunachapa au tunachapisha?

Swali: Nina duka mjini Mwanza la kuweka nembo na picha kwenye fulana, vikombe, kofia na kalamu. Bango langu linasema "Tunachapa fulana na vikombe". Mteja mmoja, mwalimu, ameniambia nilibadilishe, kwamba kuchapa ni kupiga fimbo na neno sahihi ni "tunachapisha". Ni kweli? Na je, nembo na chapa ni kitu kimoja?

Jibu: Mwalimu ameona tatizo la kweli, ila dawa aliyokuandikia siyo.

Kuchapa kwa maana ya kutoa maandishi au picha kwa mashine ni Kiswahili halali kabisa. Kinakwenda pamoja na nomino chapa, iliyotufikia kutoka Kihindi, na usemi wa kupiga chapa. Ndiyo maana Tanzania ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kuchapisha ni jambo jingine: ni kuitoa kazi ifike kwa wasomaji. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu, mara nyingi utakuta mchapishaji na mpigachapa wametajwa kila mmoja kivyake. Wa kwanza huchagua mswada na kuugharimia. Wa pili ana wino na mitambo. Wewe ni wa pili. Kweli, programu za kompyuta zimeeneza "chapisha" hata kwa karatasi moja inayotoka kwenye printa, na sitamsahihisha anayesema hivyo. Lakini tofauti hii ina faida, na ningependa tuilinde.

Kasoro ya bango lako iko kwenye yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kitabu huchapwa, kwa sababu bila wino hakuna kitabu. Fulana imekufikia ikiwa imeshashonwa, na kikombe kimeshatoka kiwandani; unachokichapa ni nembo. Ukisema "fulana zimechapwa", sikio linakimbilia kule kwa timu iliyochapwa mabao matatu. Andika hivi: "Tunachapa nembo na picha kwenye fulana, vikombe na kofia." Hapo "kwenye" inaonyesha mahali wino unapokaa, na habari ya fimbo inapotea yenyewe. Usijaribu "tunakuchapia nembo", ingawa sarufi inaruhusu: mitaani kuchapia ni kukosea katika kusema, na kuna maana nyingine ya mambo ya mapenzi ambayo huitaki mlangoni kwako.

Nembo na chapa zinakaribiana bila kuwa sawa. Nembo ni mchoro unaomtambulisha mtu au taasisi. Zamani neno hili lilitaja pia chale za mwilini. Chapa ya biashara ni pana zaidi, na yaweza kuwa maneno matupu. Tazama kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa: wanunuzi wanazitambua kwa "Mali ya Abdulla", maandishi madogo kuliko jina la kanga lenyewe. Mteja akikuletea mchoro wa kampuni yake, hiyo ni nembo.

Angalizo la mwisho ni la kofia na kalamu. Nembo ya uzi hutariziwa, haichapwi. Ile inayokwanguliwa kwa leza juu ya kalamu ya chuma huchongwa. Kama unazifanya kazi zote hizo, ziandike kwa majina yake, maana bei zake hazifanani na mteja atataka kujua anacholipia.