Fundi Anajibu: Naitrasi kwenye Mark II

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Mark II Grande yenye injini ya 1JZ-GE isiyo na tabo. Nimeagiza mfumo wa naitrasi (gesi ya nitrous oxide), ule unaopuliza gesi na petroli kwa pamoja, nao umekuja na jeti, yaani vipande vyenye tundu la kupimia gesi na petroli, za kuongeza nguvu za farasi 50, 75 na 100. Fundi wangu anasema tufunge ya 100 moja kwa moja kwa kuwa injini hii ni imara. Gari nitalitumia kwenye mashindano ya mwendo mfupi katika eneo lililofungwa. Je, nikubali?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usikubali. Anza na jeti ya 50, na hata hiyo usiifungulie kabla hujapima upande wa petroli, kwa sababu injini nyingi zinazokufa kwa naitrasi haziuawi na gesi yenyewe bali na petroli iliyokosekana.

Naitrasi si mafuta, wala yenyewe haiwaki. Ikiingia ndani ya silinda na kukutana na joto la nyuzi 300 hivi, huvunjika ikawa naitrojeni na oksijeni, na kwa uzito wake asilimia 36 ni oksijeni, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 23 tu. Kwetu Dodoma, ambako tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani, kwa hiyo farasi 200 ulioahidiwa na kiwanda hujawahi kuwaona wote. Marubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili waliipuliza gesi hii katika injini za ndege zao kwa sababu hiyo hiyo ya wembamba wa hewa kule juu. Lakini kila oksijeni unayoiongeza inadai petroli yake, na isipoipata, joto la mlipuko hupanda kupita kiasi ambacho aluminiamu ya pistoni inaweza kuvumilia.

Juu ya meza yangu ya kazi ninayo pistoni niliyoitoa kwenye gari la mteja. Katikati ya kichwa chake pana tundu linalopitisha kidole gumba, na kingo za tundu hilo zimelainika kama mshumaa ulioyeyuka. Jeti aliyotumia ilikuwa ndogo. Kilichoziba ni chujio la petroli, ambalo halikuwa limebadilishwa tangu gari linunuliwe. Kwa hiyo weka chujio jipya, kisha funga geji kwenye reli ya nozeli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli za injini) na uangalie presha ya petroli wakati injini inavuta kwa nguvu zote. Ikiwa sindano ya geji inashuka hata kabla ya naitrasi, pampu haitoshi, na kazi isimame hapo mpaka uibadilishe.

Katika kufunga, pulizio la gesi na petroli likae kwenye bomba la hewa, sentimita 10 hadi 15 kabla ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali), na vali zake mbili za umeme ziwe karibu nalo ili petroli isichelewe nyuma ya gesi. Nyaya zipite kwenye rilei na fyuzi. Swichi ya mkononi peke yake haitoshi: weka swichi inayoruhusu gesi pale tu pedali inapokanyagwa mpaka mwisho, nyingine inayoiruhusu kati ya mizunguko 3,000 na 6,000 kwa dakika, na ya tatu inayoikata gesi iwapo presha ya petroli itashuka. Gesi ikifunguliwa mizunguko ikiwa ya chini, petroli hutuama ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na inaweza kulipuka humo humo.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, irudishwe nyuma kwa nyuzi 2 za mzunguko wa injini kwa kila farasi 50 unaoongeza, kwa kuwa mchanganyiko wenye naitrasi huungua haraka. Injini yako ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ambao si mdogo, kwa hiyo tumia petroli yenye oktani ya juu kabisa unayoweza kuipata. Weka plagi za baridi zaidi kwa hatua moja (kwa NGK, namba kubwa ndiyo ya baridi), na mwanya wake uwe karibu milimita 0.8.

Baada ya kila mbio ya majaribio, zima injini papo hapo, ngoa plagi na uzitazame juani kwa lenzi ya kukuzia. Kauri ikiwa na rangi hafifu ya udongo, endelea. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo. Ukiona punje ndogo sana zinazometameta kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni imeanza kuruka, na hakuna mbio nyingine siku hiyo. Ni baada ya plagi za jeti ya 50 kuridhisha mara kadhaa ndipo uzungumze na fundi wako habari ya 75.

SWALI: Gesi ya kujaza mtungi ni shida kuipata. Kijana wa gereji amenishauri nitumie oksijeni ya kuchomelea. Inafaa?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Haifai hata kidogo, na nakusihi usijaribu. Naitrojeni iliyomo katika naitrasi ndiyo inayopunguza ukali wa moto; oksijeni tupu haina kinga hiyo. Tena oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na grisi au oili, ambayo katika gari imejaa kila mahali, inaweza kuwasha moto bila cheche. Mwambie kijana huyo kabla hajamshauri mwingine.

SWALI: Gari langu asubuhi halina nguvu ya naitrasi, lakini mchana linachomoka kupita kiasi na injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Jeti ni zile zile. Tatizo ni nini?
Msomaji, Singida

JIBU: Tatizo ni joto la mtungi. Presha ya naitrasi inafuata joto lake: kwenye nyuzi 15 za asubuhi ya Julai ni kama pauni 650 kwa inchi ya mraba, ilhali jeti nyingi hupangwa kwa pauni 900 hadi 1,000, yaani mtungi wenye nyuzi 30 na ushee. Ikivuka nyuzi 36.4, gesi hii haiwezi tena kukaa kama kimiminika, na buti lililofungwa juani saa nane mchana linavuka hapo kwa urahisi. Presha ikipanda, gesi huingia nyingi huku petroli ikibaki ile ile, na ndiyo maana injini inagonga. Acha kuitumia mpaka umefunga geji kwenye mtungi.

Hakikisha pia kwamba mtungi umelazwa vali ikiwa mbele na juu kidogo, lebo ikitazama juu, ili mrija wa ndani ufyonze kimiminika wakati gari linachomoka. Asubuhi usiupashe kwa moto wa aina yoyote. Lipo blanketi la umeme lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Mchana, geji ikipita 1,100, sogeza gari kivulini, funika mtungi kwa kitambaa kibichi, na usiifungue vali mpaka sindano irudi 1,000.