Kusimama dukani kutwa nzima: hayo si mazoezi?

SWALI: Nina miaka 34, nauza vitenge Kariakoo. Nasimama tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kiuno kinauma, na nikiamka, hatua za kwanza kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari. Nina kilo 78, urefu sentimita 160. Jana jioni mzani wa duka la dawa ulisoma mafuta asilimia 43. Mume wangu anasema ni unene, nifanye mazoezi. Jamani, si nashinda kwa miguu?

JIBU: Pole, dada. Mzee amepatia nusu. Uwiano wako wa uzito na urefu ni 30.5, umeshaingia kwenye unene uliokithiri, na kisigino kinaubeba huo mzigo. Ila namba hiyo haitofautishi msuli na mafuta.

Ule mzani nao unakisia. Unapitisha umeme mdogo sana toka unyayo hadi unyayo, na kwa kuwa umeme hupita vizuri penye maji kuliko penye mafuta, ndipo unapiga hesabu. Jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama, hesabu inayumba. Pima asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai. Au chukua futi kamba yako ya dukani, jizungushie kiunoni: ikizidi 80, nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yamekuwa mengi.

Sasa kusimama. Vigimbi ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na pampu hiyo hufanya kazi ukitembea. Ukiganda kaunta, damu inatuama miguuni, misuli ya kiuno inakaza muda wote, na moyo haupati zoezi lolote. Kwa hiyo unachoka bila kujenga nguvu.

Weka tofali chini ya meza, kanyaga mguu mmoja, badilisha kila baada ya muda. Acha kandambili, vaa raba yenye soli nene. Kisha shuka daladala kituo kimoja kabla, utembee kwa haraka. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, ila panda taratibu, kisigino kisilipuke. Mara mbili kwa wiki nyanyua visigino ukiwa ukingoni mwa ngazi, na kaa-simama kwenye stuli.

Ganzi ikishika mapajani kwa ndani au mkojo ukikushinda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na lile jora la rafu ya juu, geuza miguu kwanza. Wauzaji wengi huligeukia kwa kiuno, macho yakiwa kwa mteja.