Koti la mtumba linaloambuka

SWALI: Nanunua makoti ya mtumba soko la Kadutu. La ngozi linaonekana zima, kisha baada ya mwezi linaambuka. Nakosea wapi? — Mama wa watoto wanne, Bukavu

JIBU: Mama, hiyo si ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Plastiki hiyo huoza kwa umri na unyevu, na Bukavu unyevu haukosekani. Hakuna fundi wa kuirudisha. Kunja kola na kiwiko, kisha kwaruza kwa ukucha: ikitoa unga au kunata, liache, hata wakikupunguzia nusu. Tazama pia ukingo wa ndani wa mfuko: ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ya bandia inaonyesha kitambaa.

Sweta za sufu ziinue kwenye mwanga uone matundu ya wadudu nondo. Iliyokakamaa, isiyovutika, ilishafuliwa kwa maji moto, hainyooki tena.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Kichwa kikilegea, fundi hukikaza kwa koleo. Meno yakipungua, zipu nzima hubadilishwa, kwa hiyo toa gharama hiyo kwenye bei.

Nyumbani, funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki siku 7 kabla ya kufua: wadudu wa upele hufa wakikosa mwili.