Usikubali fundi achomelee loki ya cheni

Mkuu, hapana. Simamisha hiyo kazi kwanza. Umeuliza ununue cheni gani ya pikipiki yako ya cc 150, upake mafuta gani, na kama ni sawa fundi achomelee loki, yaani kile kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, "isije ikachomoka njiani". Hilo la loki ndilo litakalokuumiza.

Pini na mabamba ya cheni ni chuma kilichopitishwa kwenye joto na kupoozwa kwa utaratibu ili kiwe kigumu bila kukatika ovyo. Moto wa welding unavuruga kazi yote hiyo. Palipoyeyuka panapoa ghafla na kuwa pakavu kama kioo, jirani yake panalainika, na grisi ya ndani ya bushi inaungua. Mara nyingi kiungo chenyewe kinabaki kigumu kukunjika. Sasa piga hesabu: cheni ya pini 118, sproketi ya nyuma ya meno 42, tairi la inchi 17. Hiyo loki inazunguka karibu mara 190 kwa kila kilomita, na kila mzunguko inakunjwa na kunyooshwa. Ufa unaanzia ukingoni mwa weld, umefunikwa na vumbi na mafuta, huuoni. Siku ikikatika umebeba abiria, cheni inaweza kujazana kwenye sproketi ndogo, ikafunga tairi la nyuma au ikapasua krenkesi, yaani ganda la chini la injini. Krenkesi ikipasuka ni kushusha injini nzima, kwa ajili ya kipande cha bei ya soda chache!

Mafundi wanaoshauri hivi wananikera kweli, kwa sababu hawaulizi kwa nini ile klipu, kibanio kidogo kinachozuia bamba la loki lisitoke kwenye pini, ilichomoka. Ilichomoka kwa sababu iliwekwa kinyume, au ni ya zamani iliyokwisha kupanuka, au haikuingia kwenye mfereji wa pini. Kugonga vichwa vya pini kwa nyundo ni balaa hilo hilo: pini za loki ya klipu hazikutengenezwa zipanuliwe, zinapasuka.

Na muuza spea anayekuchotea loki kwenye kopo akisema "428 zote zinaingiliana" anakudanganya. 428 ni saizi ya cheni tu, na cheni ya 428H ina mabamba mazito kuliko 428 ya kawaida, hivyo inahitaji pini ndefu zaidi. Ukiweka loki fupi, mfereji unabaki umefichwa nyuma ya bamba. Hapo ndipo nyundo inapotoka, kiungo kinabanwa, na klipu inakaa juujuu. Kanuni ni moja: cheni mpya, loki yake mpya iliyotoka nayo kwenye boksi. Ya zamani itupe hata kama inang'aa.

Kufunga: kutanisha ncha mbili za cheni juu ya meno ya sproketi ya nyuma, zishikwe hapo. Paka pini grisi, zipenyeze kutoka upande wa tairi kuja nje. Weka bamba, maandishi yakutazame. Likiwa la kubana, lisukume kwa jiriwa dogo, ukiegemeza nati kuzunguka pini, pini moja kisha nyingine, na uache mara tu mifereji yote miwili ionekane wazi. Kisha vika klipu kwa plaizi. Upande wake uliofumbwa utangulie kule cheni inakoenda, uwazi ubaki nyuma. Kwa hiyo loki ikiwa sehemu ya juu ya cheni, uliofumbwa unatazama injini. Ikiwa chini, unatazama nyuma. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanakariri "mbele" bila kuangalia loki iko juu au chini. Klipu ikicheza ukiigusa kwa kidole, haifai. Kiungo kikigoma kukunjika, umebana kupita kiasi.

Kugonga riveti, yaani kupanua vichwa vya pini ili vishike bamba bila klipu, ni kwa loki iliyotengenezwa kwa riveti, kama kwenye cheni za saizi ya 520 au 525 zenye oringi (pete za mpira za kuzuia grisi isitoke) za pikipiki kubwa. Huko unatumia kifaa chake cha kukandamiza, unapima kichwa cha pini kwa kalipa kulingana na kipimo cha mtengenezaji wa cheni, na unakagua kama kuna ufa. Nyundo haina kipimo. Pikipiki yako ya cc 150 haihitaji hayo, klipu iliyofungwa sawasawa inatosha kabisa.

Ukimaliza, acha cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Kesho yake, kabla hujapakia mtu, tazama klipu tena. Na kama fundi ameshachomelea, kata hiyo loki kwa grenda leo.