Je, Dialektiki Ni Fomula ya Hatua Tatu?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulifundishwa kwamba dialektiki, yaani njia ya kufikiri kupitia migongano ya mawazo, ya mwanafalsafa Mjerumani Hegel ni dai, pingamizi na muungano wa hayo mawili. Je, ndivyo alivyoandika mwenyewe?

JIBU: Sivyo hasa, ndugu msomaji, ingawa kosa hilo limeenea hata vitabuni. Aliyetumia hatua hizo tatu kwa utaratibu ni mwanafalsafa Mjerumani Fichte, na mwenzake Chalybäus, aliyeandika juu ya falsafa ya Kijerumani, akazieneza kama muhtasari wa Hegel mwaka 1837, miaka sita baada ya Hegel kufariki. Hegel mwenyewe, katika dibaji ya kitabu chake cha 1807, Fenomenolojia ya Roho, aliwakejeli wanaobandika fomula kavu ya utatu juu ya kila jambo.

Kwake, pingamizi halitoki nje, bali wazo lenyewe, likichunguzwa kwa makini, hudhihirisha upungufu wake. Kwa mfano, dhana ya kuwapo tupu, isiyo na sifa yoyote, haina cha kuitofautisha na kutokuwapo, na mpito baina ya hizo mbili ndio unaozaa dhana ya kugeuka. Kitenzi cha Kijerumani alichokitumia, aufheben, kina maana ya kufuta na papo hapo kuhifadhi. Binafsi sijapata neno moja la Kiswahili linalobeba yote mawili.

Neno dialektiki lenyewe ni kongwe zaidi. Kwa Plato lilihusu mahojiano ya kutafuta ukweli; kwa Aristotle, hoja zinazoanzia kwenye maoni yanayokubalika; na kwa Mjerumani Kant, mwaka 1781, mantiki ya udanganyifu unaoipata akili inapovuka mipaka ya uzoefu.