Jibu: Saundikadi inakata wakati wa kurekodi

Habari ndugu yangu wa Kigoma. Umesema saundikadi ya kwaya (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) inawaka vizuri, ila mkianza kurekodi inakata. Usikimbilie kununua kompyuta nyingine, anza na tundu la USB unalochomeka. La USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500 tu, la 3.0 hutoa 900; ukipitia habu (kifaa cha kuongeza matundu) isiyo na umeme wake, vifaa vyote vinagawana hizohizo. Hapa Tabora yangu ilikuwa kila nikibonyeza 48V (umeme unaopelekwa kwenye maiki), taa inafifia, kisha kimya. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, imetulia mpaka leo.

Kama tundu ni la USB-C, tafuta alama ya radi pembeni, ndiyo ya Thunderbolt (njia nyingine ya data inayotumia plagi hiyohiyo). Saundikadi ya Thunderbolt pekee haisomi kwenye C ya kawaida, hata plagi ikiingia vizuri kabisa. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana) ya mtengenezaji. Ukishajaribu, leta mrejesho.