Theluji ya Afriski, Lesotho, mwezi Julai

Ndugu, umeuliza kama ukienda Afriski, kituo cha michezo ya kuteleza kwenye theluji milimani Lesotho, katikati ya Julai utakuta theluji ya kutosha kuteleza au milima mikavu. Theluji utaikuta, ila sehemu kubwa yake huwa ya kutengenezwa. Lesotho hupata mvua nyingi katika miezi ya joto, Oktoba hadi Aprili, ilhali Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo majira ya baridi huko, hewa huwa kavu na theluji ya asili hushuka mara chache, hasa baridi kali inapovuma kutoka kusini. Kituo kipo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku joto hushuka chini ya sifuri, na mitambo hurusha matone madogo ya maji yanayoganda hewani. Ukavu nao husaidia, kwa kuwa sehemu ya matone hugeuka mvuke na kuyapoza yaliyobaki. Ndiyo maana mara nyingi utaona utepe mmoja mweupe kati ya majani ya kahawia, mandhari ambayo, nikiri, haifanani na picha za matangazo. Asubuhi uso wa theluji huwa mgumu, kisha jua huulegeza. Kwa anayeanza, ningechagua kuanzia saa nne. Theluji ya asili ikianguka kwa wingi, wasiwasi uwe barabara ya Moteng, njia ya mlimani ya kwenda huko, ambayo kona zake ni kali na huteleza.